Kuingiza miti mingi ya mageuko kwenye programu ya maumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbukwenyi! Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwashika mkono wanafunzi wa uzamili hapa Dodoma wanaopima maumbo ya samaki, panya na mijusi. Msimu wa tasnifu ukiwadia, simu yangu hujaa picha za skrini zilizopigwa kiupandeupande, nusu yake kivuli cha mkono wa mpigaji. Ujumbe ni uleule: "Kaka, mti umekataa kuingia." Nimechoka kujibu jambo moja mara ishirini, ndiyo maana nimeyaweka pamoja hapa. Mifano mingi ni ya perege, kwa kuwa ndio wanaopatikana kirahisi, wa Mtera na wa Hombolo, na wakishapigwa picha hawatupwi.

Mti wa mageuko unatafuta nini kwenye kazi ya kupima maumbo?

Tuseme umeingia nyumba moja kule Kongwa, ukapima urefu wa watoto sita wa baba mmoja mama mmoja, kisha ukaandika kwamba una ushahidi sita kuwa watu wa Kongwa ni warefu. Hata bibi yao atakucheka. Ushahidi wako ni mmoja, umejirudia mara sita kwa sababu ya damu.

Spishi nazo ziko hivyo. Samaki wawili wanaweza kuwa na kichwa kipana kwa sababu wote wanakula chakula cha aina moja, au kwa sababu babu yao alikuwa na kichwa kipana na hakuna aliyebadilika. Nukta ulizoweka kwenye picha, yaani alama za sehemu zilezile za mwili kwa kila samaki, haziwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Mti ndio unaoeleza nani ndugu wa nani, na walitengana muda gani uliopita. Ukiuingiza kwenye programu, hesabu zinaanza kuzingatia udugu huo.

Sawa, lakini kwa nini miti mingi? Mmoja hautoshi?

Mti haukuokotwa porini. Ni makadirio, kama yalivyo makadirio mengine yote, na una makosa yake. Programu za kukadiria miti kama BEAST na MrBayes hazikupi mti mmoja bali maelfu, na kila mmoja ni jibu linalowezekana kwa data zilezile. Panapokubalika vizuri, karibu miti yote hupanga spishi vilevile. Penye utata, kila mti huja na mpangilio wake. Ukichukua mmoja tu na kufuta mingine, utata haujaondoka, umeufunika kwa kanga.

Wengine hamjengi mti wenyewe. Anayesoma ndege huchukua miti kutoka hazina ya birdtree, iliyotokana na kazi ya Jetz na wenzake ya 2012, na anayesoma mamalia huenda VertLife, kwenye miti ya Upham na wenzake ya 2019. Hazina hizo hukupa kundi la miti kwa makusudi. Mara nyingi hukutana na mtu aliyepakua miti 100, akafungua wa kwanza, akaufanyia kazi, na kwenye tasnifu akaandika "mti uliotumika" kana kwamba ulikuwa mmoja. Wa kwanza hauna heshima yoyote ya pekee. Ni wa kwanza kwa sababu lazima mmoja awe wa kwanza.

Ipo pia miti mingi ya namna nyingine: mti wa jeni za mitokondria unasema hivi, wa jeni za kiini unasema vile, na wewe unataka kujua kama hitimisho lako kuhusu umbo linasimama kwa yote miwili. Hapo miti miwili au mitatu inatosha, na kila mmoja upewe jina linaloeleweka.

Kuweka mti wa samaki na mti wa panya kwenye faili moja ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni miradi miwili. Itenganishe.

Ndani ya faili la miti kuna nini?

Lifungue kwa Notepad uone mwenyewe, halikuumi. Mti huandikwa kwa mabano, na mtindo huo unaitwa Newick. Jina hilo halikutokana na mwanasayansi. Ni mkahawa wa vyakula vya baharini huko Dover, New Hampshire, Marekani, ambako mwaka 1986 kikundi kidogo cha wataalamu, akiwemo Joseph Felsenstein na F. James Rohlf, kilikaa mezani na kukubaliana namna ya kuandika miti. Rohlf ndiye huyohuyo aliyetengeneza tpsDig mnayoitumia kuweka nukta kwenye picha. Yaani mambo haya mawili, miti na maumbo, yamewahi kula meza moja.

Nexus ni kama bahasha inayobeba mabano hayo pamoja na maelezo mengine. Ilielezwa rasmi na Maddison, Swofford na Maddison mwaka 1997. Faili lenye miti miwili linakuwa hivi:

```
#NEXUS
BEGIN TREES;
TRANSLATE
  1 Oreochromis_urolepis,
  2 Oreochromis_niloticus,
  3 Oreochromis_esculentus,
  4 Coptodon_rendalli;
TREE mti_a = [&R] ((1:2,(2:1,3:1):1):6,4:8);
TREE mti_b = [&R] (((1:1.5,2:1.5):0.5,3:2):6,4:8);
END;
```

Namba hizo na udugu huo nimevitunga kwa ajili ya kufundishia, usivinukuu popote. Angalia umbo lake. Sehemu ya TRANSLATE inatoa namba kwa kila jina ili majina marefu yasirudiwe kwenye kila mti. Namba iliyo baada ya nukta mbili ni urefu wa tawi. Alama ya [&R] inasema mti una mzizi, yaani babu wa wote anajulikana yuko wapi; ukiona [&U], hauna. Kila mti hufungwa kwa nukta mkato, na miti yote imo ndani ya BEGIN TREES moja.

Makosa matatu ya uandishi huniletea nusu ya picha zile za skrini. Mstari wa mwisho wa TRANSLATE hufungwa kwa nukta mkato badala ya mkato, na watu husahau. Pili, kuna anayenakili mti wa pili na kuubandika chini ya END, nje ya nyumba. Tatu, anayeandika 1,5 akimaanisha moja na nusu: kwenye Newick mkato hutenganisha spishi, kwa hiyo programu itadhani umeleta samaki mpya anayeitwa 5.

Na tafadhali, msilifungue faili la miti kwa Word. Word hugeuza alama za nukuu zikawa zile za kupinda, huongeza vitu usivyoviona, na ukihifadhi ndiyo basi tena.

Nimekagua mabano yote yako sawa. Mbona bado inakataa?

Majina. Ukiwa na haraka leo, soma jibu hili tu uache mengine.

Programu huunganisha mti na data zako kwa jina na si kwa kingine chochote. Haijui kwamba perege ni perege. Inalinganisha herufi kwa herufi, na ikikuta tofauti ya herufi moja inahesabu hao ni viumbe wawili wasiojuana. Niliwahi kupoteza wiki nzima kwa sababu ya nafasi tupu moja iliyokuwa nyuma ya jina kwenye jedwali la Excel. Kwa macho haionekani. Niliijenga upya data nzima kabla sijaigundua, na sipendi kulikumbuka jambo hilo.

Anza na mstari wa chini. Kwa kanuni za Newick, mstari wa chini katika jina husimama badala ya nafasi, hivyo zipo programu zinazoona Oreochromis_urolepis na Oreochromis urolepis kuwa jina moja, na zipo zinazoona mawili. Ushauri wangu ni kutumia mstari wa chini kila mahali, kwenye mti, kwenye faili la TPS (lile lenye nukta zako) na kwenye jedwali la makundi, ili usitegemee huruma ya programu.

Halafu kuna majina yaliyobadilishwa na wataalamu wenyewe. Chupa ya zamani kwenye maabara imeandikwa Tilapia rendalli, mti wako wa mwaka juzi unasema Coptodon rendalli, na samaki ni yuleyule. Tilapia esculenta ya vitabu vya kale ndiye Oreochromis esculentus wa leo, ngege wa watu wa Kanda ya Ziwa. Ukikuta spishi "haipo kwenye mti", usikimbilie kuifuta. Uliza kwanza kama haikuolewa ikabadili jina.

Jambo la tatu ni letu sisi, hutalikuta kwenye mwongozo wowote wa wageni: kile kikoma cha juu cha Kiswahili na Kigogo. Kwenye Nexus, alama ya ' hufungua jina lililo ndani ya nukuu, na programu itaendelea kusoma hadi ikutane na nyingine ya kufunga. Dada mmoja alipima mafuvu ya ng'ombe, wakiwemo wa aina ya Mpwapwa, akaita kundi mojawapo ng'ombe_Mpwapwa. Programu ilimeza kila kitu kilichofuata kama jina moja refu. Mwingine alikusanya mijusi akawapa majina ya vituo alikowakamata, kimoja kikiwa Ng'hong'onha. Humo vimo vikoma viwili, kwa hiyo faili halikulalamika hata kidogo, lilikata tu jina vipandevipande. Andika ngombe_Mpwapwa na Nghonghonha. Wenyeji watakusamehe.

Nitumie MorphoJ au R?

Inategemea una miti mingapi na unaipenda amri kiasi gani.

MorphoJ ya Chris Klingenberg, iliyochapishwa rasmi 2011, inasoma miti kutoka faili la Nexus na kazi yote ni ya kubofya. Ina mambo mazuri: unaona mti ukiwa umetandazwa juu ya grafu ya maumbo, matawi yakipishana, na inakadiria umbo la mababu kwenye kila kifundo, yaani pale matawi yanapogawanyika. Pia inapima kama umbo linafuata udugu, kwa kuchanganya maumbo kati ya ncha za mti (spishi zilizo mwisho wa matawi) mara nyingi na kuhesabu ni mara ngapi mpangilio wa bahati nasibu unatoa mti mfupi sawa na wako au mfupi zaidi. Kwa miti miwili, mitatu, hata mitano, naipenda.

Miti ikifika mia moja, kubofya ni adhabu, na mtu aliyechoka hubofya vibaya. Hapo nenda R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, ukitumia pakiti ya ape kusoma miti na geomorph kuchambua maumbo.

Kwa vyovyote vile, anza na faili la mti mmoja. Likipita, ongeza wa pili. Anayeanza na miti 1,000 hajui tatizo lipo kwenye mti wa ngapi.

R inaniambia mti wangu si wa aina ya "phylo". Nimeusoma vizuri kabisa!

Umeusoma vizuri, ila umesoma mingi. Faili lenye mti mmoja, ape hukupa kitu cha aina ya phylo. Lenye mingi hukupa multiPhylo, yaani kapu la miti. Geomorph inataka mti mmoja mkononi, wewe umeipa kapu. Toa mmoja mmoja:

```
library(ape)
library(geomorph)
miti <- read.nexus("perege.nex")
length(miti)

majina <- dimnames(maumbo)[[3]]
setdiff(majina, miti[[1]]$tip.label)
setdiff(miti[[1]]$tip.label, majina)

K <- P <- numeric(length(miti))
for (i in seq_along(miti)) {
  mti <- keep.tip(miti[[i]], majina)
  jibu <- physignal(maumbo, mti, iter = 999)
  K[i] <- jibu$phy.signal
  P[i] <- jibu$pvalue
}
```

Hapo "maumbo" ni wastani wa kila spishi baada ya kusawazishwa, ukiwa na jina la spishi kwenye kipimo cha tatu. Amri mbili za setdiff ndizo zenye thamani kuliko zote. Ya kwanza inaorodhesha majina yaliyomo kwenye data yako na hayamo kwenye mti. Lazima itoke tupu kabla hujaendelea. Ya pili inaonyesha yaliyomo kwenye mti na hayamo kwenye data. Hiyo haina shida, keep.tip itayapogoa.

K inayotoka ni kipimo cha jinsi umbo linavyofuata udugu, ambacho Dean Adams alikipanua mwaka 2014 kifae maumbo yenye vipimo vingi; P ni uwezekano wa kupata K kubwa kiasi hicho kwa bahati nasibu tu. Ikikaribia 1, maumbo yanatofautiana kama ambavyo ungetarajia iwapo yangetembea hovyohovyo kufuata matawi ya mti. Ikiwa chini sana, ndugu hawafanani kwa kiasi kinachotarajiwa.

Ninazo spishi nne tu. Naweza kupima?

Kompyuta itakupa namba. Mimi nisingeitegemea. Kazi ya Blomberg na wenzake ya 2003, ambayo ndiyo iliyozaa kipimo cha K, ilionyesha kwamba vipimo vya namna hii vinaanza kuwa na nguvu ya kuridhisha kuanzia spishi 20 hivi. Kwa spishi nne, chora mti juu ya grafu, eleza unachokiona kwa maneno, acha P ipumzike.

Nina samaki 180 lakini mti una ncha sita. Kila samaki anapata ncha yake?

Hapana. Mti wako ni wa spishi, kwa hiyo kila ncha inahitaji umbo moja la kuiwakilisha spishi nzima. Wasawazishe samaki wote 180 kwa pamoja kwa njia ya Procrustes, inayoondoa tofauti za ukubwa, mahali na mwelekeo, ndipo utafute wastani wa kila spishi. Usikokotoe wastani wa nukta mbichi zilizotoka kwenye picha, maana samaki mmoja alilala kulia, mwingine alipigwa picha kwa karibu, na wastani wao si samaki yeyote duniani. Kwenye MorphoJ unahitaji safu ya makundi yenye jina la spishi, lile lile lililoandikwa kwenye mti. IMG_0042 si jina la spishi.

Faili la BEAST lina miti 10,000. Niiingize yote?

Kwanza tupa ya mwanzoni. Msako wa miti unapoanza, programu bado inapapasa gizani na miti yake ya mwanzo haina maana. MrBayes isipoelekezwa vingine huacha robo ya kwanza. Kwa BEAST wengi huacha asilimia 10, ila tazama mwenyewe namba za msako wako zinatulia wapi kabla ya kuamua. Iliyobaki, chukua michache kwa nafasi sawa au kwa bahati nasibu. Mia moja hutosha kuona kama hitimisho linatikisika, na elfu moja ni nyingi kwa kazi nyingi nilizoziona. Miti miwili inayofuatana kwenye msako hufanana kama mapacha, kwa hiyo kuchukua 100 za mwisho mfululizo ni kujidanganya.

Mti mmoja wa muhtasari, ule TreeAnnotator (programu inayokuja na BEAST) inaouteua kwa kuwa makundi yake yanaungwa mkono zaidi, unafaa sana kwa picha ya kuweka kwenye tasnifu. Tumia huo kuchora, tumia ile mia kupima.

Kwenye mabano kuna maandishi mengi ya ajabu, asilimia na mabano ya mkunjo. Nifute kwa mkono?

Usifute kwa mkono, utafuta na tawi. Hayo ni maelezo ambayo BEAST huyabandika kwenye kila kifundo, na baadhi ya programu za maumbo hujikwaa juu yake. Yasome kwa R na uyaandike upya: read.nexus hulipita hilo, na `write.nexus(miti, file = "safi.nex")` itakupa faili jepesi lenye majina, matawi na basi. Faili la asili lihifadhi kando.

Mti wangu hauna urefu wa matawi.

Mpangilio utaonekana, lakini hesabu nyingi za udugu zinahitaji urefu. MorphoJ inakuruhusu kukadiria mababu bila kuzingatia urefu wa matawi, na kama huna njia nyingine, tumia hiyo na useme wazi. Usijaze 1 kila mahali halafu ukaita ni muda.

Matawi yenye urefu wa sifuri nayo ni balaa. Spishi mbili zikiwa ncha jirani na zote zina sifuri, kwa hesabu hizo ni kiumbe kimoja, na R italalamika kuhusu matriki isiyogeuzika. Mara nyingi chanzo ni kuingiza mfuatano wa DNA ule ule mara mbili kwa majina tofauti. Na kifundo chenye matawi matatu au zaidi huzuia baadhi ya hesabu, hasa tofauti huru (independent contrasts) za ape, zinazotaka kila kifundo kigawanyike mara mbili. Amri ya multi2di hukigawanya kwa bahati nasibu. Kwa kuwa ni bahati nasibu, irudie mara kadhaa, na tayari hapo umepata sababu nyingine ya kuwa na miti mingi.

Mti wangu una kisukuku ndani yake. Programu inasema hakina data. Nifanyeje?

Hili linanifurahisha kuulizwa hapa katikati ya nchi, kwa sababu visukuku vyenyewe ni majirani. Mahenge, mkoani Singida, palikuwa na ziwa dogo la kreta takribani miaka milioni 46 iliyopita. Kutoka kwenye tope lake lililogeuka mwamba walipatikana samaki wa jenasi ya Mahengechromis, miongoni mwa sikilidi wa kale kabisa wanaojulikana duniani, ukoo ule ule wa perege na sato. Hapohapo alipatikana pia popo, Tanzanycteris. Kwa hiyo anayejenga mti wa perege wenye muda wa kweli huenda akalazimika kupita Singida hata kama maabara yake iko Ulaya.

Turudi kwenye swali. Ikiwa kisukuku kilitumika tu kuupa mti umri, mara nyingi hakimo kama ncha na hakuna la kufanya. Ikiwa kimo kama ncha na huna nukta zake, kipogoe kwa keep.tip kama hapo juu. Umri wa vifundo vinavyobaki haubadiliki. Usikifute kwenye faili la Nexus kwa mkono, maana ukiondoa jina bila kurekebisha mabano na urefu wa tawi lililounganishwa, mti umeharibika.

Kama unazo nukta za kisukuku hicho, wewe ni tajiri. Kumbuka tu kwamba samaki aliyelaliwa na mwamba kwa miaka milioni 46 huwa amebonyea, na sehemu ya umbo lake ni kazi ya mwamba.

Perege wa Mtera wanazaana wao kwa wao, spishi kwa spishi. Mti utasemaje?

Swali zuri kuliko mengi, na huulizwa zaidi na wavuvi kuliko wanafunzi. Mtera iko kwenye Ruaha Mkuu, unaoingia Rufiji, na mwenyeji wa Rufiji ni Oreochromis urolepis. Sato, yaani Oreochromis niloticus, si mwenyeji wa mto huo, na kila alikoingizwa kwenye maji ya perege wengine hana aibu ya kuzaana nao. Chotara ana baba kwenye tawi hili na mama kwenye tawi lile. Mti hauna mahali pa kumweka, kwa sababu mti unajua kugawanyika tu, haujui kuungana.

Hata miti elfu moja haitatibu hilo. Kundi la miti linaonyesha utata wa makadirio, wakati uchotara unasema mchoro wenyewe haufai. Nikiwa mimi, samaki ninaowashuku nisingewaingiza kwenye wastani wa spishi yoyote. Ningewapima peke yao na kuona wanaangukia wapi kwenye grafu, kati ya wazazi au pembeni. Mama mmoja anayeuza samaki soko la Majengo aliniambia anawatambua kwa midomo. Sijapata nukta za kuthibitisha, lakini hajawahi kunikosesha.

Msimamizi wangu anasema nitumie mti mmoja tu, hizo habari za miti mia ni kujisumbua.

Msimamizi ni msimamizi, shikamoo yake ipo palepale. Fanya kazi kuu kwa mti anaoutaka. Kisha endesha ile mia usiku mmoja, umpelekee mchoro mmoja wa K zote. Zikikusanyika pamoja, amepata cha kumjibu mtahini. Zikitawanyika, atapenda ajue leo kuliko siku ya utetezi. Sijaona profesa aliyekasirishwa na mchoro uliomwokoa.

Kwenye tasnifu niandike nini?

Andika miti imetoka wapi, mingapi ilikuwepo, mingapi uliitupa mwanzoni, mingapi ulitumia na uliichaguaje. Kisha toa kiwango cha kati cha K na mipaka yake ya chini na juu, pamoja na idadi ya miti ambayo P yake iko chini ya 0.05. Usizichukulie zile P mia kama majaribio mia ya kujitegemea. Maumbo ni yaleyale, kilichobadilika ni mti tu. Kuna aliyeandika kwamba matokeo yake "yamerudiwa mara 100", na mtahini wake alikuwa mpole kuliko ambavyo ningekuwa mimi.

Spishi ulizopogoa nazo zitaje kwa majina. Na majina uliyobadilisha, la zamani na jipya, yaweke kwenye jedwali la kiambatisho.

Kompyuta yangu ni ya zamani na umeme haueleweki. Itaweza?

Itaweza, polepole. Ndani ya ile duara ya R (inayoanza na for) ongeza mstari wa kuhifadhi K na P kila baada ya miti kumi, umeme ukikatika uanzie ulipoishia. Jaribu kwanza kwa iter = 99, yaani kuchanganya maumbo mara 99 tu, kuona kama kila kitu kinapita, ndipo upandishe 999. Miti ipakue usiku wakati bando la usiku lina nafuu.

Nikikwama kabisa naweza kukutumia?

Tuma, mdogo wangu. Lakini tuma faili lenyewe la Nexus na faili la TPS, vyote viwili, pamoja na ujumbe wa kosa ulionakiliwa kama maandishi. Picha ya skrini siwezi kuiingiza kwenye R.